Ndimu ya Bibi

11 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya akiba, kwa ajili ya barua ya mwezi uliopita ambayo sikuiandika. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inanigomea, maana msusi hana kiti. Baba anaendeleaje? Mguu wake umepata nguvu, au bado fimbo ndiyo inayotembea na yeye anaifuata? Mwambie saa aliyonitengenezea inakwenda vizuri mno, kiasi kwamba inanichongea. Nikichelewa dakika tano inasema tano.

Bado niko kwa Chiriku. Najua jina hilo hulipendi, unasema mtu mzima haitwi ndege, lakini nchi nzima inamwita hivyo na mwenyewe anaitika. Asubuhi namsuka, mchana namfumua, jioni namsuka upya apande jukwaani. Ule mkasi wa meno ulionipa siku ninaondoka ndio mkono wangu wa kulia. Wenzangu hawajawahi kuona mkasi wenye meno kama kitana, wanauliza, "Huo unakata au unatafuna?" Nawaambia unapunguza nywele na mwenye kichwa asijue zimepungua. Na sijaukatia karatasi hata siku moja, kama ulivyonikanya, makali yasije yakafa.

Sasa shangazi kaa chini. Umekaa? Nimechumbiwa.

Ni kijana mpole, anashughulika na taa za jukwaani. Mengi nitakueleza tukionana. Ninachoomba sasa ni mapishi ya Nisubiri. Nimeila kwenye harusi zote za nyumbani, lakini siku zote mlinifungia mlango wa jikoni. Ninajua sharti lake, kwamba haandikiwi mtu mpaka achumbiwe. Basi zamu yangu imefika. Niandikie yote kwa mkono wako, usiache kitu, pamoja na hadithi zake zote. Ikiwezekana inifikie kabla ya mwisho wa mwezi. Baba usimwambie kwanza.

Nakukumbatia mpaka uniambie nikuache upumue,
Kichana wako


24 Januari

Kichana wangu, bibi harusi wetu,

Marahaba! Marahaba zote mbili, ya leo na ya akiba. Barua yako niliisomea mlangoni, nikapiga kelele hata yule jirani yetu fundi cherehani akaja mbio na futi yake shingoni, akidhani nimeona nyoka. Alipojua, akaanza kunipima mimi. Nikamwambia, mama, anayeolewa yuko mbali. Akasema, "Najua, lakini shangazi wa bibi harusi huvaa nini, gunia?"

Kuhusu baba yako, nilijitahidi. Siri yako nilikaa nayo tangu saa nne asubuhi mpaka saa tano. Nilipomwambia aliweka kibano chake mezani, akaivua ile lenzi ya jichoni, akaenda kabatini akaitoa suti. Ina harufu ya nondo na dawa ya nondo. Tangu siku hiyo anatembea ukumbini asubuhi na jioni, kutoka mlango wa mbele mpaka wa jikoni, anahesabu hatua kwa sauti. Anasema atakushika mkono siku hiyo bila fimbo. Mimi nampikia na kumhesabia akisahau.

Huyo wa taa umenipa maneno manane tu juu yake! Mama yake ni nani? Anacheka vipi? Anakula sana au ni wale wa kudonoa? Usinifiche, nina haki ya kumchunguza kabla sijampenda.

Nisubiri nimekuandikia kwenye karatasi ya peke yake, uitunze kama nilivyoitunza ya bibi yako. Nimeianza kwa neno moja kwa herufi kubwa. Usidhani macho yameharibika. Nilitaka neno hilo lionekane.

Pokea mikono yangu yote miwili, ina unga,
Shangazi


(Karatasi iliyokuwa ndani ya barua)

MWANANGU,

Maziwa lita mbili, yachemke taratibu mpaka yabaki nusu. Usiyaache, wala usiyakodolee macho. Koroga huku unawaza mengine. Mayai kumi, yapigwe kwa uma. Sukari vikombe viwili, kimoja kwenye maziwa, kimoja kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo. Hiki cha pili ndicho chenye kazi. Kitayeyuka, kitageuka rangi, utaogopa, utataka kukiepua. Usiepue. Acha sukari ilie. Utayaona machozi yake, matone ya rangi ya chai yakipanda pembeni ya sufuria. Ikishalia, imimine kwenye bakuli uizungushe upesi.

Kisha ganda la ndimu ya bibi, moja nzima, ulikwangue juu juu bila ule weupe, ulitie kwenye maziwa yakiwa vuguvugu. Changanya na mayai, mimina yote juu ya sukari. Weka bakuli ndani ya sinia lenye maji, oka saa nzima na robo. Ikitoka usiifunike, usiiguse. Ipoe mpaka bakuli likose hata joto la kiganja, ndipo uipindue juu ya sahani. Anayeiharakisha huivunja, na ndiyo maana bibi akaiita Nisubiri.

Umetaka hadithi zake. Iko moja. Bibi alinifundisha haya juma nililochumbiwa mimi. Watu wote wanajua kwamba yule mwalimu nilimkataa, na baba yako ananigombeza mpaka leo, eti niliringa. Si kweli. Siku aliyotakiwa kuja na wazee wake niliipika Nisubiri kuijaribu. Ilikuwa mezani inapoa alipofika rafiki yake, peke yake, akasimama mlangoni akasema bwana ameghairi. Nikamshukuru kwa kuja. Nikafunga mlango. Nikaipindua, ikatoka nzima, haina hata ufa. Kijiko sikukiona karibu, nikachukua upawa, nikaila yote kwa upawa nikiwa nimesimama. Halafu nikawaambia watu nimemkataa.

Hili hajawahi kulisikia mtu. Nakupa wewe liwe mahali salama, na ya kwako uile umekaa, kwa kijiko, na mtu pembeni yako.


2 Machi

Kichana mpenzi,

Sisi hatujambo. Mvua imenyesha, ukuta wa bafuni umeota ukungu, fundi cherehani amemfukuza mwanafunzi wake na kumrudisha siku hiyohiyo. Baba yako jana alitembea hatua kumi na mbili bila fimbo. Ya kumi na tatu akashika kabati.

Ni wiki ya sita sasa. Karatasi ilifika? Kama posta wameipoteza nitaandika nyingine, ila ile hadithi sitaiandika mara mbili. Na huyo wa taa hata picha hana? Watu wa taa si ndio wanaojua kupendeza pichani?

Ungeniita kwenye simu ya jirani, lakini unajua siipendi. Jirani husikia zaidi kuliko mimi.

Nakusubiri kwa hamu, na baba yako naye ila hasemi,
Shangazi


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe. Karatasi ilifika, asante sana, niliisoma nimesimama kama wewe. Nafurahi kuhusu hatua za baba. Asijichoshe lakini. Mwambie hakuna haraka, maana mambo yamesogea kidogo. Huyu mwenzangu amesafiri na jukwaa, siku haijapangwa, labda mwakani.

Huku ni vurugu tupu. Nadhani umesikia, Chiriku naye amechumbiwa, na mcheza mpira. Magazeti hayalali. Wapiga picha wako mpaka juu ya ukuta. Gazeti moja la wanawake linaandaa toleo zima la vitindamlo vya harusi, kila upande wa nchi na chake. Wa milimani wanatoa asali yenye sega lake, wa mabondeni maziwa mazito, wa mjini keki ya ghorofa tano isiyolika. Basi wanamuuliza kila mtu maarufu, kwenu mnakula nini? Hata sina muda wa kukaa.

Usijisumbue kutazama televisheni siku hizi. Wanasema mengi, nusu yake wanatunga.

Wako,
Kichana


8 Aprili

Mpendwa,

Salamu kwanza. Sisi wazima. Baba yako anakula, analala, na jana amemaliza saa ya ukutani ya shule iliyomshinda tangu mwaka jana.

Nilitazama televisheni. Uliniambia nisitazame, kwa hiyo nikatazama.

Ilikuwa Jumapili mchana, tumemaliza kula, mimi na baba yako tumekaa kwenye kochi, yeye ameinua mguu juu ya kigoda. Akatokea Chiriku wako, kichwa kimesukwa vizuri, nikamwambia baba yako, "Ona, ule ni mkono wa binti yako." Akainama mbele kuona. Mtangazaji akauliza kwenu harusini mnamalizia na nini. Akasema, "Kwetu kuna kitu kinaitwa Nisubiri."

Nikajisemea, jina tu. Majina hugongana. Kisha akainua kidole kama anayefundisha watoto akasema, "Bibi yangu alikuwa akiniambia, acha sukari ilie."

Duniani kote sukari inaungua, inayeyuka, inashika rangi. Inalia nyumbani kwetu tu.

Kisha akaongeza hadithi ya dada wa bibi yake, aliyeachwa siku ya posa akaila yote kwa upawa. Watu studioni wakacheka. Mtangazaji alicheka mpaka akapangusa macho, akauliza, "Upawa? Upawa mzima?" Naye akaonyesha kwa mkono jinsi mtu anavyojitia upawa mdomoni.

Baba yako aliinuka akazima televisheni. Alitembea hatua tano bila fimbo wala hakuzihesabu. Akaniuliza, "Yule mwalimu. Ni wewe uliyemkataa?" Nikamwambia chai inapoa. Akasema, "Miaka thelathini na moja nimekugombeza bure." Akaenda chumbani kwake.

Nimekuwa nikiosha upawa ule kila siku tangu wakati huo na haujatumika.

Swali langu ni moja, nijibu hilo peke yake. Yule mtu ameyajuaje haya?

Shangazi


27 Aprili

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimelia siku mbili. Nakuomba usikie.

Ni mdomo tu, shangazi. Unajua msusi na anayesukwa, saa tano kichwa kimoja kiko mkononi mwako, lazima mzungumze. Siku moja aliniuliza habari za nyumbani, nami kwa kukukumbuka nikamtajia Nisubiri, jinsi inavyopikwa, juu juu. Na ile hadithi ilinitoka, sikujua kama anasikiliza, alikuwa amefumba macho. Sikujua kama ataibeba mpaka kwenye televisheni. Niliposikia nilitaka ardhi inimeze.

Kumbe baba alikuwepo. Sijui nimwambie nini baba.

Mwenzangu bado amesafiri. Anakusalimu sana.

Nisamehe ulimi wangu. Nimeufunga sasa.

Kichana


10 Mei

Kwako,

Hatujambo. Ukungu wa bafuni umepakwa chokaa.

Nilipata barua yako na nilikuwa nimeshaanza kukusamehe. Nataka ujue hilo. Nilisema moyoni, ulimi ni ulimi, hata mimi nilishindwa kukaa na siri yako kwa saa mbili. Nilikuwa nimetoa karatasi nikuandikie hivyo.

Ndipo binti wa fundi cherehani akapata mchumba. Mama yake akaja kunitaka niwapikie Nisubiri. Ni jirani wa miaka ishirini, nikakubali, maana siri yenyewe sasa ni ya nchi nzima. Nikawasha moto, nikachemsha maziwa, nikaenda nyuma ya nyumba kuchuma, nikaanza kukwangua. Yeye amesimama hapo na gazeti lake la wanawake, lile toleo la vitindamlo, anafuata kila ninachofanya kwa kidole. Mara akanishika mkono. "Samahani mama," akasema, "mbona unatia chungwa? Hapa wameandika ndimu."

Nikamwambia anipe gazeti. Kuna picha ukurasa mzima. Chiriku na aproni nyeupe, mbele yake bakuli la ndimu, ndimu kabisa, za kijani, ndogo, za kukamulia samaki. Na chini yake, "ganda la ndimu ya bibi, moja nzima."

"Wewe umezoea ya kwako," akaniambia, kwa upole, ili asiniumize. "Lakini ile yenyewe ni hii."

Nilicheka, ndiyo. Kisha nikakaa kwenye kigoda cha jikoni kwa sababu nilikuwa nimeelewa.

Wewe umekulia chini ya mti ule. Unajua bibi uzeeni maneno yalimpotea, akawa anaita chungwa ndimu, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha, hivyo nyumba nzima tukaita ndimu mpaka leo. Ulipokuwa mdogo ulitumwa dukani ndimu ukarudi na machungwa, mwenye duka akaja kuomba radhi, na tangu hapo kwa watu wa nje unasema chungwa. Kama ungemsimulia mtu kwa mdomo, kama unavyosema, ungemwambia chungwa. Mdomo wako usingekosea. Aliyeandika ndimu ni mimi, na aliyeisoma ni mtu ambaye hakukulia hapa.

Hukumsimulia. Ulimpa karatasi yangu.

Na kama ulimpa karatasi, basi uliiomba kwa ajili yake. Ulitaka ifike kabla ya mwisho wa mwezi. Yeye kachumbiwa lini? Niliangalia humohumo gazetini. Tarehe tisa Januari. Siku mbili kabla ya barua yako.

Hakuna mtu wa taa, sivyo? Nimemtafutia mama, nimemtafutia kicheko, nimempikia akilini mwangu mara ngapi. Nilikuwa nimeshampenda.

Nimekasirika hata kalamu inatoboa karatasi. Kuibiwa na mgeni nakujua. Wizi huu sijui niuite nini. Nilikufungulia mlango niliomfungia ndugu yangu wa tumbo moja, nawe ukaingiza kundi la watu waje wacheke.

Nataka karatasi yangu irudi. Na baba yako mwandikie wewe, kwa mkono wako, kwamba harusi haipo. Mimi simwambii. Leo amefikisha hatua ishirini na sita.

Shangazi


15 Juni

Shangazi,

Shikamoo, hata kama hutaiitikia.

Kila ulichosema ni kweli. Mtu wa taa yupo, anafunga taa, ana mke na watoto watatu, na hajui kama ninaishi. Nilimchukua kwa sababu alikuwa amepita mbele yangu nikiandika.

Nitakueleza ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Gazeti lilipomuuliza Chiriku kwenu mnakula nini, alikosa la kusema. Amelelewa bwenini, hana bibi, hana jiko. Niliona kwenye kioo uso wake ukishuka. Nikasema, "Kwetu tunacho." Akageuka, shangazi. Miaka mitatu nashika kichwa chake na ilikuwa mara ya kwanza kugeuka kunitazama. Akasema, ukinipatia hicho utakuwa dada yangu, utasimama kando yangu siku ya harusi, nguo moja na wale wengine. Nikamwamini. Nilikuwa nimechoka kuonekana kwenye kioo tu, nyuma ya mtu.

Sikujua kama utaniandikia ile hadithi. Niliposoma nilitaka kuirudisha. Nilikaa nayo siku nne. Siku ya tano akaniuliza, nikampa.

Harusi imepita, wiki iliyopita. Nguo sikushonewa. Nilimsuka toka alfajiri, nilipomaliza msimamizi akaniambia wasusi wanakaa upande wa jikoni. Nilisimama na vitana vyangu kando ya majaba ya kuoshea vyombo. Nisubiri ilitolewa mia tatu, kwenye vikombe vidogo, chungu kwa ndimu hata ulimi unakauka. Watu wazima wenye heshima zao wakafumba macho wakasema, "Mmm, ladha ya asili." Mimi nilikula kimoja, nimesimama. Nilikukumbuka wewe.

Baba nimemwandikia. Bahasha yake iko pamoja na hii.

Na karatasi yako hii hapa. Nilikwenda ofisi za gazeti mara tatu. Walikuwa wameitundika ukutani ndani ya kioo, eti mkono wa bibi. Nilisimama hapo mpaka wakachoka kuniona. Samahani, imechanika kidogo juu, nadhani ni hao watu wa gazeti, sijui waliifanyaje.

Kazi nimeacha. Nataka kurudi nyumbani. Niambie tu kama mlango bado wangu.

Kichana


28 Juni

Kwako msusi,

Marahaba. Shikamoo ya mtu siwezi kuiacha hewani, hata nikiwa na hasira.

Baba yako alisoma barua yake peke yake. Hakuniambia imeandikwa nini wala sikuuliza, tumeanza kuheshimu bahasha za watu katika nyumba hii. Suti ameirudisha kabatini. Asubuhi iliyofuata nilimsikia ukumbini, fimbo, mguu, fimbo, mguu. Nikamuuliza mbona ameishika tena. Akasema, "Sasa niende wapi bila hiyo?"

Binti wa fundi cherehani ameolewa. Nilitia ndimu, walivyotaka. Wamenisifu. Wamesema nimeipatia, safari hii ni kama ile ya Chiriku kabisa.

Niliposoma habari ya majaba ya kuoshea vyombo, roho iliniuma, sitakuficha. Ningekuwepo ningekushika mkono nikuondoe pale. Nilisema basi, mtoto ameona, amelipia, amesema kweli yote. Nikaanza kupanga chumba chako. Nikatandika hata shuka. Kisha nikaikunjua karatasi yangu, niiweke mahali pake.

Nimeisogeza dirishani. Nimevaa miwani ya baba yako. Nimevaa mpaka lenzi yake ya saa.

Mtu wa gazeti angeichana kwa mkono, au angeikata kwa mkasi wa ofisini, mstari mnyoofu. Hii haikuchanika. Juu imetafunwa, jino, nafasi, jino, nafasi, kutoka upande mmoja wa karatasi mpaka wa pili, kwa utulivu, bila kutetemeka. Mkasi wa namna hiyo nimeununua mmoja tu maishani mwangu, na nilikukanya usiukatie karatasi.

Kwa hiyo hawakuikata wao. Uliikata wewe, kabla hujampa, ili isijulikane iliandikwa kwa nani. Na hata juzi, ukiniambia kweli yote, hili ulilibakiza.

Nyumba ni ya baba yako, mlango wake siufungi mimi. Shuka nimeliacha limetandikwa. Ukija utanikuta, nitakupa chai. Lakini usiniulize kwa nini nakuita msusi.

Neno lililokuwa pale juu uliliondoa mwenyewe. Kama hukulitupa, njoo nalo.

Shangazi